Kusi, maji mengi na baridi: sababu gani boti zinachelewa kuondoka Kalemie

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 5, pale ku bandari ya Kalemie ulizo ni lile lile. Mama mwenye magunia yake anakaribia boti na kuuliza: «Papa kapiteni, leo tunaenda ao hatuendi?» Jibu nalo ni lile lile: «Mama, uvumilie kwanza. Kusi iko inapiga. Tutaona kesho.» Kesho inafika, maji bado meupe kwa povu, na jibu halibadiliki.

Kwa yule mama, siku moja ya kungoja ni hasara. Feza za chakula zinaisha, samaki zinaharibika, mgonjwa anayepashwa kuvuka anazidi kulegea. Kwa kapiteni, siku moja ya kungoja ni mafuta yasiyolipwa na wateja wanaonung'unika. Ndiyo maana wengi wanafikiri kuchelewa ni uvivu wa wenye boti ao njia ya kuongeza bei. Mara ingine inaweza kuwa hivyo. Lakini mara nyingi kuna sababu za kweli, na mwenye kuzijua anaweza kujua siku gani apande na siku gani abaki.

Ziwa ndilo barabara

Kalemie, ambayo zamani iliitwa Albertville, ni mji mkuu wa jimbo la Tanganyika tangu 2015. Mji ulikomaa kwa sababu ya bandari na reli: mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika hapa, na vitu vya ndani ya inchi vikapata njia ya kuvuka ziwa. Leo barabara ya taifa namba 5, inayopita Kalemie kuelekea Fizi, Baraka na Uvira, inasumbua sana wakati wa mvua, na sehemu zingine usalama ni mdogo. Kwa hiyo watu na mizigo wanapitia maji.

Safari hizo si ndogo. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kalemie mpaka Moba ni karibu kilometa 140. Mpaka Kigoma, ngambo ya Tanzania, ni karibu kilometa 125. Mpaka Uvira ni karibu kilometa 280. Boti la mbao lenye motere ya kawaida linaweza kuchukua siku nzima ao usiku kucha, na zaidi ya hapo likibeba mzigo mzito. Ndani ya saa hizo zote hali ya hewa inaweza kubadilika. Ziwa linaloonekana kama kioo asubui linaweza kuchafuka mbele ya jua kuzama.

Kusi inatoka wapi na inafanya nini

Kusi ni upepo wa kiangazi unaotoka kusini-mashariki. Unaanza mwezi wa 5 na kuendelea mpaka mwezi wa 9. Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi nao wana Kusi yao, kwa jina lile lile, na ni ukoo mmoja wa pepo. Ila hapa Tanganyika Kusi inapata njia ya pekee: ziwa lenyewe.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 hivi, na upana wake kwa kawaida ni kilometa 50 tu. Limelala kati ya milima kama mfereji mrefu kutoka kusini kwenda kaskazini. Upepo wa kusini ukiingia mu mfereji huo, hauna kitu cha kuuzuia. Na mawimbi yanakua kufuatana na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao umepiga, na urefu wa maji ambayo umepitia. Kutoka Mpulungu, ku mwisho wa ziwa upande wa Zambia, mpaka Kalemie ni zaidi ya kilometa 300 za maji wazi. Wimbi linaloanza kidogo kule kusini linapata nafasi ya kukomaa mbele ya kufika hapa.

Hapo ndipo boti za kaskazini zinapopata shida. Uvira iko chini ya milima mirefu, na mara ingine maji ya pale yanaweza kuwa matulivu wakati Kalemie mawimbi yanapiga ufuo. Baraka nayo inafichwa na rasi ya Ubwari: boti inayotoka Baraka inapanda kwanza kaskazini, inazunguka ncha ya rasi, halafu inashuka kusini kwa upande wa nje. Ni pale nje ndipo inapokutana na ziwa lenyewe. Kapiteni aliyeondoka kwenye maji matulivu anajikuta na Kusi usoni, mizigo imejaa, na mahali pa kukimbilia ni mbali. Ndiyo maana kapiteni mwenye akili hasemi tu «hapa ni sawa». Anapiga simu Kalemie, anapiga simu vijiji vya njiani, anauliza: huko maji yako namna gani?

Upande ambao wimbi linatoka una maana sana:

Boti inayoshuka kutoka Uvira kuelekea Kalemie, ao kutoka Kalemie kuelekea Moba, inapokea wimbi mbele. Inapigwa na kurushwa, maji yanaingia ku pua, mafuta yanatumika zaidi. Lakini kapiteni anaona kile kinachokuja.

Boti inayokata ziwa kwenda ngambo inapokea wimbi ubavuni. Inayumba huku na huku. Mizigo ikihama upande mmoja, inaweza kukosa kurudi sawa.

Boti inayopanda kaskazini inasukumwa kutoka nyuma. Abiria wanafurahi kwa sababu safari inakwenda mbio. Lakini wimbi likiinua nyuma ya boti, usukani unakosa nguvu, boti inageuka ubavu mbele ya wimbi linalofuata. Wengi hawajui kama safari hii, inayoonekana rahisi, nayo ina hatari yake.

Maji yanapanda wakati Kusi inaanza

Kila mwaka maji ya ziwa yanapanda na kushuka, mara nyingi kati ya sentimetre 80 na metre moja. Mvua zinaanza mwezi wa 10, ziwa linajaa polepole, na maji yanafika juu kabisa mwezi wa 4 ao wa 5. Halafu yanashuka mpaka mwezi wa 10 ao wa 11.

Tazama sasa kalenda: maji yanafika juu kabisa pale Kusi inapoanza. Ndiyo maana mwezi wa 5 na wa 6 ni wakati mgumu ku bandari. Mawimbi makubwa yanafika wakati ufuo umekuwa mwembamba na maji yamesogea karibu na nyumba.

Mbona maji hayatoki? Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo uko hapa Kalemie: mto Lukuga. Mito mingi inaingia, kama Ruzizi kutoka ziwa Kivu na Malagarasi kutoka Tanzania, lakini Lukuga peke yake ndiyo inatoa maji kuelekea Lualaba, halafu mto Congo. Tena Lukuga inatoa kidogo. Sehemu kubwa zaidi ya maji inapanda hewani kwa jua na upepo. Mvua zikizidi miaka miwili ao mitatu, jua na Lukuga haviwezi kumaliza kile kilichoingia.

Hesabu ndogo inasaidia. Ziwa lina eneo la kilometa za mraba 32,900 hivi. Kupunguza sentimetre moja tu ya maji ni kutoa karibu mita za ujazo milioni 330. Kwa hiyo mtu asiwaze kama kuchimba mchanga ku mlango wa Lukuga kwa wiki mbili kutarudisha ufuo wa zamani. Kusafisha mlango huo ni kazi ya maana, lakini matokeo yake ni ya polepole. Na maji yanayofunguliwa kwa nguvu yanashuka kwa watu wanaokaa kando ya Lukuga na Lualaba.

Historia inaonyesha kama mlango huu unaweza kubadilisha ziwa zima. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika ku Lukuga, na mwaka 1876 Stanley naye akafika. Mlango ulikuwa umezibwa na matope na mafunjo, maji yalikuwa karibu kusimama. Ziwa likaendelea kupanda mpaka kizuizi kikabomoka karibu na mwaka 1878. Kisha maji yalitoka kwa nguvu, na ndani ya miaka 15 hivi ziwa lilishuka metre karibu 10. Baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960, lilipanda tena sana, na mwaka 1964 likafika karibu metre 777 juu ya bahari.

Miaka hii watu wameona kitu kinachofanana. Mvua kubwa za mwisho wa 2019 zilipandisha ziwa, na mwaka 2020 na 2021 maji yaliingia ndani ya nyumba za ufuo Kalemie, Uvira, Bujumbura na Kigoma. Mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, yalirudi tena. Jamaa nyingi zilihama, na wale waliojenga karibu na maji miaka ile ziwa lilipokuwa chini ndio walipoteza zaidi.

Kwa wenye boti, maji mengi hayamaanishi njia rahisi. Gati likifunikwa na maji, boti inakosa mahali pa kusimama sawasawa, na mizigo inapita mabegani mwa wabebaji waliozama mpaka kifua. Ufuo ukiwa mwembamba, hakuna mahali pa kuvuta boti ili kuziba matundu ya mbao. Tena kuna hatari isiyoonekana: kuta za nyumba zilizozama, nguzo, miti na mawe ambayo zamani yalikuwa inchi kavu. Ubao ao propela ikigonga pale, safari inaisha mbele ya kuanza. Mito nayo inaleta magogo na visiwa vya majani. Usiku hakuna anayeviona.

Baridi ya ziwa si mchezo

Mtu wa mbali akisikia Tanganyika anafikiri joto tu. Lakini wale wanaosafiri mwezi wa 6 na wa 7 wanajua baridi ya usiku juu ya maji. Anga haina mawingu, joto la mchana linapotea, na Kusi inapiga nguo zilizolowa kwa maji ya mawimbi. Nguo yenye maji na upepo ni vitu viwili vinavyoondoa joto la mwili haraka. Watoto na wazee ndio wanaumia wa kwanza.

Hata maji yenyewe yanadanganya. Wakati wa Kusi, maji ya juu yanaweza kuwa na degre 25 hivi, na kusini kabisa yanashuka zaidi, kwa sababu upepo unasukuma maji ya joto kwenda kaskazini na yale ya baridi ya chini yanapanda. Degre 25 ni tamu kwa kuoga dakika kumi. Lakini mwili wa mtu una degre 37, na maji yanachukua joto la mwili upesi sana kupita hewa. Mtu anayekaa ndani ya maji saa nyingi anaanza kutetemeka, mikono inakufa ganzi, akili inachoka, na anaachilia kile alichokuwa anashikilia. Jile ya kuokolea inamsaidia asizame wakati mikono imeshindwa. Ndiyo maana inapashwa kuvaliwa mbele ya kuondoka. Ikibaki chini ya magunia, haina maana.

Tukumbuke vilevile kama Kusi si adui peke yake. Kwa kuchanganya maji ya chini na ya juu, inaleta chakula ambacho ndagala na samaki wengine wanategemea. Upepo unaozuia boti leo ndio unaojaza nyavu baadaye. Na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kutoka 15 mwezi wa 5 mpaka 15 mwezi wa 8, kufuatana na makubaliano ya inchi za ziwa, ili samaki wapate kuzaana. Kipindi hicho kiko ndani ya majira ya Kusi.

Kuchelewa kunazaa kujaza

Hatari kubwa zaidi mara nyingi haiko ndani ya siku za upepo. Iko siku ile ya kwanza baada ya upepo kutulia.

Fikiri boti tatu zilizongoja siku nne. Ku bandari abiria wameongezeka kila siku, magunia ya unga, mihogo na samaki yamepangwa, madumu ya mafuta yanangoja. Asubui ya siku ya tano maji yanatulia. Kila mtu anataka boti ya kwanza, kwa sababu hakuna anayejua kama kesho itakuwa sawa. Kapiteni aliyekataa kuondoka siku nne kwa busara anashindwa kukataa gunia moja zaidi, halafu lingine, halafu jamaa ya mtu mkubwa. Boti inaondoka na ubao mdogo tu uliobaki juu ya maji. Upepo ukirudi mchana, wimbi lile ambalo boti yenye mzigo wa kiasi ingelipanda, linaingia ndani.

Namna ya kupanga mzigo nayo inaua. Mzigo mzito ukikaa chini, boti inasimama. Magunia yakipangwa juu na watu wakikaa juu ya magunia, uzito unapanda, na boti inakuwa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akisimama kwa mguu mmoja. Wimbi moja la ubavu, watu wanakimbilia upande mmoja kwa woga, na boti inapinduka.

Ziwa hili linakumbuka. Mwezi wa 12 mwaka 2014, boti MV Mutambala ilizama katika jimbo ambalo wakati ule lilikuwa bado Katanga. Watu zaidi ya 120 walikufa. Wakuu walitaja mambo mawili pamoja: upepo mkali na kujaza kupita kiasi. Tena mwezi wa 12 si majira ya Kusi. Wakati wa mvua kuna dhoruba fupi zinazoshuka kwa ghafula pamoja na wingu jeusi, na boti iliyojaa haina muda wa kujiokoa. Ziwa Kivu nalo, tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti MV Merdi kutoka Minova ilizama ikiwa imekwisha kukaribia ufuo wa Kituku, Goma. Watu walikuwa wengi ndani yake kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Pale pia, njia moja ilipofungwa, watu wote walijaa ku ile iliyobaki.

Nani ana haki ya kusema «leo hatuendi»?

Kufuatana na sheria, kapiteni ndiye mkubwa ndani ya boti, na wakuu wa usafiri wa ziwa wanapashwa kuchunguza hali ya boti, hesabu ya abiria na vyombo vya kuokolea mbele ya kuipa ruhusa ya kuondoka. Baada ya ajali, serikali mara nyingi inarudilia katazo la kusafiri usiku na lazima ya jile. Lakini boti nyingi haziondokei bandari kubwa. Zinaondokea ufuo wa kijiji, mbali na macho ya mchunguzi, na wengine wanahesabia abiria wale walioandikwa tu.

Kwa hiyo abiria mwenyewe naye ni mchunguzi. Mambo ya kutazama ni machache na hayahitaji masomo:

Tazama ubao unaobaki juu ya maji wakati boti imesimama. Kama mtu aliyekaa ndani anagusa maji kwa urahisi kwa kiganja, boti imejaa.

Tazama mahali mzigo mzito umekaa. Ukiona watu juu ya rundo la magunia, ngoja boti ingine.

Uliza jile iko wapi, na uvae. Mtoto apate yake, inayomfaa kwa ukubwa.

Uliza boti ingine iliyofika leo kutoka upande unaoenda iliona maji ya namna gani.

Chukua nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na kitambaa cha kufunika mtoto usiku.

Achia mtu wa nyumbani jina la boti, saa ya kuondoka na namba ya simu ya mwenzako wa safari. Orodha ya abiria ikipotea, ni habari hiyo itakayowasaidia watafutaji.

Wenye boti nao wana jambo moja wanaloweza kufanya pamoja bila kungoja serikali: kukubaliana mbele ya wakati kama, baada ya siku za upepo, hakuna boti itakayozidisha hesabu yake, na abiria watapangwa kwa zamu kufuatana na siku waliyofika. Mtu akijua nafasi yake ya kesho haitachukuliwa, hatapigania boti ya leo. Na wafanya biashara wanaopanga safari ya mwezi wa 5 mpaka wa 8 wahesabu siku mbili ao tatu za kungoja ndani ya bei yao tangu mwanzo. Samaki waliokaushwa sawasawa wanavumilia kungoja huko. Wabichi hawavumilii.

Kusi itaendelea kupiga kila kiangazi, na Lukuga itaendelea kutoa maji kwa mwendo wake. Siku kapiteni atakapojibu tena «mama, uvumilie kwanza», yule mama anaweza kukasirika, na ana haki. Lakini anaweza pia kugeuka kutazama povu nje ya bandari, kuhesabu magunia yaliyokwisha kuingia, na kuuliza ulizo lingine: «Na kesho, utabeba watu wangapi?»